Gereji ya Wasomaji: Oili Inavuja Wapi Hasa?

Barua nyingi za safari hii zinahusu doa jeusi chini ya gari. Magari yenyewe ni yale yale yaliyojaa barabarani: Corolla za miaka ya 1990, Noah, Hilux za dizeli. Injini zake ni imara na zina maisha marefu bado, lakini gasketi na sili zake zimekaa kwenye joto kwa miaka 25 na zaidi, na mpira uliopikwa muda huo wote huwa mgumu kama plastiki. Tumechagua barua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu kosa linaloelezwa humo ndilo linalowatoa watu pesa nyingi bila sababu.

Nikubali gia boksi ishushwe?

*Mafundi, habari za kazi. Nina Corolla 110 yenye injini ya 5A, gia za mkono. Kila asubuhi nakuta matone manne au matano ya oili sakafuni, pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi amechungulia kwa chini akasema ni oili sili ya nyuma ya krenki, hivyo gia boksi lazima ishuke. Gharama ya kazi hiyo ni kubwa kwangu. Je, anaweza kuwa amekosea?* M.K., Morogoro

Anaweza kabisa. Usikubali gia boksi ishushwe kwa ushahidi wa kuchungulia chini peke yake.

Oili huteremka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali tone linapodondokea huwa ni mwisho wa safari yake. Unachotakiwa kutafuta ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Sasa, kwenye injini yako ya 5A, distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, imefungwa kwenye ncha ya silinda hedi (kichwa cha injini) upande wa gia boksi. Ndani yake kuna oringi moja ya mpira inayozuia oili pale distribyuta inapoingia kwenye hedi. Oringi hiyo ikichoka, oili hushuka polepole kwenye ukuta wa hedi, ikafuata ukingo wa bloku, ikatua juu ya nyumba ya klachi, kisha ikadondoka sakafuni pale pale ambapo oili sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ingedondoshea. Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) nayo ikivujia kona hiyo, njia ni ile ile. Ndiyo maana sili ya nyuma husingiziwa sana kwenye injini hizi.

Anza kwa kuhakikisha kinachovuja ni oili ya injini. Tandika boksi la karatasi gumu, safi, chini ya gari usiku mzima, na uchore juu yake matairi ya mbele yalipo ili ujue doa liko upande gani. Oili ya injini huwa ya kahawia hadi nyeusi. Oili ya gia za mkono ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ukishainusa mara moja huisahau. Hidroliki ya usukani au ya gia za otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Maji ya eya kondishina hayana rangi wala utelezi.

Kisha osha injini. Hatua hii watu wengi huiruka, na bila hiyo unabahatisha tu. Injini iwe vuguvugu, siyo ya moto. Funika distribyuta na alternata kwa mifuko ya plastiki, uifunge kwa mpira. Paka dawa ya kuondoa grisi au mafuta ya taa kwa brashi ya nywele ngumu, kuanzia tapeti kava hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini), acha dakika 10, kisha suuza kwa maji ya sabuni yenye presha ndogo. Usitumie petroli kuoshea injini; mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Usielekeze mashine ya presha kwenye soketi za nyaya. Toa mifuko, washa injini, iache ikauke kwa joto lake.

Injini ikishakauka na kupoa, nyunyiza poda nyeupe kidogo, hata ya mtoto, kuzunguka ukingo wa tapeti kava, chini ya distribyuta, na kwenye mstari ambapo gia boksi inakutana na bloku. Iwe mbali na mikanda. Endesha kilomita 15 hadi 20, rudi, zima, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi. Poda iliyolowa hugeuka kijivu na kushikana kama unga uliomwagikiwa mafuta, na mstari wake hukuonyesha oili ilikoanzia. Usipoona kitu, endesha tena hadi kilomita 100 kabla ya kuamua. Kwa uvujaji mdogo sana kuna rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kung'aa chini ya tochi ya mwanga wa zambarau. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na hakikisha ni ile ya oili ya injini. Ya eya kondishina ni kitu kingine.

Ukikuta unyevu unaanzia chini ya distribyuta, kazi ni ya saa moja. Chomoa waya wa betri wa hasi. Weka alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye hedi, ili irudi pale pale ilipokuwa. Fungua kofia yake bila kuchomoa nyaya za plagi, isogeze pembeni, weka alama rota inapoelekea. Fungua bolti zinazoishika, vuta distribyuta huku ukiizungusha kidogo kidogo. Ikiwa nje, mtu yeyote asizungushe injini. Oringi ya zamani ukiikata kwa wembe utaona imekuwa bapa, pembe zake nne kama mraba, na ukiikunja inakatika. Kwa sababu imeshabadilika umbo, usiitumie kupimia mpya dukani. Pima mfereji inapokaa, au nunua kwa namba ya gari. Usiweke oringi ya bomba la maji. Mpira wake haukutengenezwa kwa oili ya moto, utavimba na kulegea baada ya muda mfupi. Paka oili mpya kwenye oringi, rudisha distribyuta kwa alama zako. Ukiona gari limebadilika nguvu, taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa, ipimwe kwa taa: kwenye injini hii ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia yameunganishwa kwa waya.

Jambo moja zaidi kabla hujafunga. Ukifungua kofia ya distribyuta ukakuta oili ndani yake, basi sili ya ndani ya shafti yake nayo imeisha, na oringi ya nje haitasaidia. Hapo distribyuta yenyewe inahitaji kufunguliwa au kubadilishwa.

Ikiwa kila kitu juu ni kikavu, poda haijalowa popote, na oili inatokea kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Dalili nyingine ni klachi kuteleza au kunuka kuungua mlimani. Gia boksi ikishuka, sahani ya klachi ikiwa imelowa oili ibadilishwe, haioshwi ikapona. Badilisha pia gasketi ya kishikio cha sili, na uangalie sili ya shafti ya gia boksi inayotazamana nayo, maana inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa inavuja. Harufu ya kiberiti itakuambia. Sili mpya ipakwe grisi mdomoni na igongwe taratibu mpaka iwe sawa na ukingo wa kishikio chake, isizame ndani wala isibaki imechomoza.

Sili mpya, mara mbili, bado inavuja

*Wanangu, nina Hilux yenye injini ya 3L. Sili ya mbele ya krenki imebadilishwa mara mbili ndani ya miezi minne. Kila mara inakaa kavu wiki chache kisha inaanza tena. Fundi anasema sili za siku hizi ni feki. Ni kweli?* Mzee wa Mbeya

Shikamoo mzee wetu. Sili mbovu madukani zipo, lakini sili mbili zikifa kwa namna moja ndani ya miezi minne, angalia kwanza kinachoziua.

Wa kwanza kushukiwa ni presha ndani ya injini. Kila injini hupitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni kwenda kwenye sampu, na gesi hizo lazima zipate pa kutokea. Kwenye 3L zinatoka kwa mpira unaounganisha tapeti kava na bomba la hewa. Mpira huo ukiziba kwa masizi, au ukiwa umelainika na kujikunja ndani, presha hupanda na oili hutafuta mdomo dhaifu. Sili ya krenki ndiyo ya kwanza. Uchomoe, uoshe kwa mafuta ya taa, ukaushe, upulize kwa mdomo. Hewa ipite bila kukwama. Kama umelegea, nunua unaostahimili oili. Hosi paipu ya maji haifai. Na kama kuna mtu aliuziba kwa bolti ili oili isilowanishe bomba la hewa, jambo ambalo hufanywa sana, basi hapo ndipo shida ilipoanzia.

Baada ya hapo, injini ikiwa ya moto na sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kutikisika kidogo kwenye dizeli ni kawaida. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo mithili ya pumzi ya mtu aliyekimbia, ringi zimechoka na hakuna sili itakayodumu. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kutumia pesa zaidi.

Wa pili ni mfereji kwenye chuma. Mdomo wa sili umesugua mahali pamoja kwa miaka mingi. Safisha chuma hicho, pitisha ukucha kwa upana wake. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya inaukalia bila kubana. Dawa ni pete nyembamba ya chuma inayovishwa juu ya sehemu iliyolika, au kuikalisha sili milimita 1 hadi 2 mbele au nyuma ya mstari wa zamani, mradi isizibe tundu la kurudishia oili. Kuupiga msasa mfereji hakufuti kitu, kunapunguza chuma tu.

Wa tatu ni mkono wa fundi. Sili ya zamani ikichokonolewa kwa bisibisi, mkwaruzo mmoja juu ya krenki unatosha kuvuja daima. Ncha ya bisibisi izungushiwe utepe. Nyuma ya mdomo wa sili kuna kispringi chembamba cha mviringo. Sili ikigongwa kwa nyundo upande mmoja, kispringi huruka kutoka kwenye mfereji wake na hakuna atakayekiona. Jaza grisi kidogo nyuma ya mdomo ili kispringi kishikwe, paka oili kwenye mdomo wenyewe, kisha sukuma kwa kipande cha bomba chenye kipenyo sawa na sili, ukigonga kwa kuzunguka. Sili iliyofungwa kavu huungua mdomo dakika za mwanzo tu.

Mzee, hili la mwisho ni la haraka. Kwenye 3L sili hiyo iko nyuma ya mkanda wa taimingi, na mkanda uliolowa oili huvimba na meno yake hung'oka. Injini ya dizeli haina nafasi kati ya pistoni na valvu. Mkanda ukikatika valvu hugongwa. Mkanda uliolowa utupwe hata kama una kilomita chache. Na mkiwa mmefungua kava la mbele, nuseni unyevu uliopo. Ukinuka dizeli, sili ya shafti ya pampu ya dizeli nayo inavuja, na kuacha hiyo ni kuupa mkanda mpya maradhi ya ule wa zamani.

Silikoni tele, bado

*Noah yangu ya petroli, 3S. Gasketi ya tapeti kava imebadilishwa mara tatu, mara ya mwisho fundi akajaza silikoni pande zote. Bado inatoa oili na sasa gari linakosa moto mara kwa mara.* Dada wa Nakuru

Pole sana dada. Anza na kukosa moto, maana huenda ni jambo moja. Chomoa nyaya za plagi moja moja na umulike ndani ya visima vyake. Ukiona oili imetuama, sili za mirija ya plagi zimekufa. Oili imelainisha mipira ya nyaya na umeme unatorokea pembeni. Nyonya oili yote kwa bomba la sindano au kitambaa kabla hujafungua plagi, la sivyo itadondokea ndani ya silinda. Seti ya gasketi inunuliwe kamili: ya kuzunguka kava, za mirija ya plagi, na mipira ya chini ya nati. Wengi hununua ile kubwa peke yake na kurudisha mipira midogo iliyokauka.

Silikoni ina mahali pake, napo ni padogo: tone la ukubwa wa punje ya mchele pale kofia za beringi za kemshafti zinapokutana na uso wa hedi, kwenye zile kona gasketi inapopanda na kushuka. Kwingine kote gasketi ya mpira hukaa kavu. Ukiipaka silikoni yote inateleza, na unapokaza inachomoka kuelekea ndani. Halafu ile iliyojibana ndani hukatika vipande, hushuka na oili hadi kwenye sampu, na kuziba chujio la pampu. Hapo umebadilisha tatizo la matone kwa tatizo la kuua injini. Mwambie fundi aondoe yote kwa kikwangua cha plastiki na dawa ya kusafishia breki. Asitumie diski ya msasa ya mashine juu ya hedi: unga wake ukiingia kwenye oili unakula beringi.

Kava lenyewe lilazwe juu ya kioo cha dirisha. Likichezacheza, limepindishwa na kukazwa kupita kiasi, na gasketi ya kumi haitalinyoosha. Nati za kava zina kipimo chake kwenye kitabu cha injini na hutofautiana sana kati ya injini na injini. Kwenye ile 5A ya ndugu wa Morogoro, kwa mfano, ni Nm 6 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Zikazwe kwa zamu, kuanzia katikati, raundi mbili au tatu.

Mwisho, valvu ya PCV, kile kijibomba kilichochomekwa kwenye tapeti kava chenye mpira unaoelekea manifoldi ya hewa. Injini ikiwa sailensa, kichomoe kwenye kava na uweke kidole kwenye ncha yake: usikie kinavuta. Zima, kitikise karibu na sikio: kigonge ndani. Kisipovuta au kisipogonga, kibadilishwe pamoja na raba yake. Ni spea ndogo, na kikiwa kimeziba ndicho kilichokuwa kinasukuma oili nje ya gasketi zako zote tatu.

Baada ya sevisi oili ilimwagika yote

*Nimetoka kubadilisha oili, nikaenda kilomita mbili, taa nyekundu ikawaka na oili imetapakaa barabarani.* Dereva wa teksi, Tanga

Ulizima mara moja? Kama ndiyo, injini huenda iko salama. Karibu kila mara chanzo ni raba mbili: raba ya filta ya zamani ilibaki imegandamana na bloku, filta mpya ikafungwa juu yake. Hukaa kavu mpaka presha ipande, kisha hupasuka. Fungua filta, pitisha kidole kwenye uso wa bloku, ng'oa ya zamani. Paka oili kwenye raba mpya, zungusha filta kwa mkono hadi raba iguse, kisha robo tatu ya mzunguko zaidi. Usikaze kwa mnyororo. Jaza oili, washa kwa dakika moja ukitazama chini, zima, pima tena kwa kijiti.

Oili inatokea kwenye waya wa taa

*Kuna kitu kidogo chenye waya mmoja kwenye bloku, kinatoa oili. Naweza kukizungushia utepe mweupe wa mabomba?* S.A., Unguja

Hiyo ni swichi ya presha ya oili, na inapovuja mara nyingi oili inapita katikati yake, kwenye plastiki ya waya, siyo kwenye meno ya kukazia. Chomoa soketi ya waya: ikiwa imejaa oili ndani, swichi imekwisha. Nunua mpya. Usizungushie utepe mwingi. Swichi hii hupata hasi yake kupitia meno ya chuma kwenye bloku, na utepe ukizuia, taa haitawaka hata presha ikiisha. Paka gundi kidogo ya kuzibia meno hayo, ukiacha meno mawili ya mwanzo matupu, na ukaze kwa kiasi. Meno yake yana mteremko, yanabana yenyewe; ukiendelea kuvuta utapasua bloku. Usiiahirishe kazi hii. Swichi iko kwenye njia ya presha kamili, na plastiki ikiachia, sampu inaweza kuwa tupu ndani ya dakika chache.

Nati ya sampu imeisha meno

*Nati ya kumwagia oili inazunguka tu, haikazi. Nimeshauriwa niweke kubwa zaidi inayojikatia meno yenyewe.* Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma

Usifanye hivyo isipokuwa huna njia nyingine ya kufika nyumbani. Nati inayojikatia meno huingia kwa pembe, haikai bapa juu ya washa, na vipande vya chuma hubaki ndani ya sampu. Kwenye Toyota nyingi za umri huu nati hiyo ina kipenyo cha milimita 12, na umbali kati ya jino na jino ni milimita 1.25. Kwanza jaribu nati mpya. Mara nyingi iliyolika ni nati, siyo sampu. Ikiwa ni sampu, ishushwe, ikatiwe meno na kuwekewa kipande cha meno mapya cha springi, au sehemu hiyo ichomelewe upya ikiwa ni sampu ya bati.

Kwa kuwa unajifunza kazi, jua namna ya kuirudisha sampu isiyo na gasketi. Nyuso zote mbili ziwe kavu kabisa, hata alama ya kidole cha oili hukataa gundi. Nyoosha kwa nyundo bati lililobonyea kuzunguka matundu ya bolti. Pitisha uzi wa silikoni ya injini wa milimita 3 hadi 5, usiokatika, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ifunge ndani ya dakika 5, kabla uso wake haujaanza kukauka, bila kuiburuta. Bolti za sampu za 5A hukazwa kwa Nm 5 tu, kwa kuvuka huku na huku. Usitie oili kabla ya saa 2. Ukiiacha usiku mzima ni bora zaidi. Na kila sevisi weka washa mpya ya nati. Washa iliyobonyea ndiyo iliyomfanya mtu akaze mpaka meno yakaisha.

Oili nzito au dawa ya chupa?

*Gari langu linavuja kidogo kila mahali. Dukani wananiambia nihamie oili nzito ya SAE 40, au ninunue dawa ya kuzuia kuvuja. Je, nivumilie tu?* B.H., Mombasa

Tuanze na dawa. Nyingi hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira. Kwa hiyo zinaweza kupunguza jasho la sili ya krenki iliyokauka, taratibu, baada ya kilomita mia kadhaa. Haziwezi kitu kwa gasketi iliyokatika, silikoni iliyobanduka, chuma chenye mfereji, wala injini yenye presha ndani. Kama sili yako ya nyuma imethibitika na huna pesa ya kushusha gia boksi mwaka huu, kuijaribu mara moja si kosa. Kuiweka kila sevisi si sahihi, maana mpira ulioendelea kuvimbishwa hulegea na kuchanika.

Oili nzito: kwenye joto la pwani, 15W-40 au 20W-50 zinafaa kwa injini nyingi za zamani za Toyota ikiwa kitabu chake kinaziorodhesha, na hupunguza kuvuja kwa kiasi. SAE 40 ya daraja moja ni nzito asubuhi injini ikiwa baridi, na huchelewa kufika juu kwenye kemshafti. Hasara yake ni kubwa kuliko matone unayookoa.

Kuhusu kuvumilia, pima badala ya kukisia. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika 5, jaza hadi alama ya juu ya kijiti. Endesha kilomita 1,000, pima tena mahali pale pale, na uandike kiasi ulichoongeza kurudisha alama ya juu. Toyota huweka lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo cha juu kabisa cha injini kutumia oili, lakini gari lililo zima hutumia kidogo sana kuliko hapo. Matone matano kwa usiku hayafiki hata nusu ya mililita. Kwa hiyo kama sakafu ina matone machache na kijiti kinashuka haraka, ama oili inavuja wakati injini inazunguka na ina presha, ama inaungua. Simamisha mtu nyuma akuangalizie moshi wa bluu unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena.

Matone yanayoanguka kwenye saruji unaweza kuyapangia foleni. Yapo mengine yasiyosubiri hata wiki: yanayoangukia bomba la ekzosi, kwa sababu huwaka, yanayolowanisha mkanda wa taimingi au wa alternata, yanayoingia kwenye klachi, na yanayolowanisha mpira wa kubebea injini, ambao hulainika mpaka injini inaruka ukiondoa gari. Lala chini ukiwa na tochi, gari likiwa juu ya stendi na siyo jeki peke yake, ufuate bomba la ekzosi kuanzia kwenye hedi. Ukikuta ukoko mweusi unaong'aa juu yake, au ukisikia harufu ya oili ikiungua kila unaposimama kwenye taa za barabarani, rudi kwenye jibu la kwanza uanze na kuosha injini wiki hii.